Magoti ya Dada Eliza Huko Norsborg

Februari ya mwaka 2009 nilifunga safari kutoka Morogoro kwenda Stockholm kumchukua dada yangu, Eliza. Magoti yake yalikuwa yamesagika. Kwenye simu alisema, "Mdogo wangu, nimechoka. Njoo unirudishe nyumbani."

Nilitua mchana, miguu imenivimba. Binti yake, Neema, alinipokea, tukapanda treni ya mjini hadi mwisho wa njia nyekundu, kitongoji cha Norsborg. Theluji kando ya barabara ilikuwa imechafuka kwa matope. Yeye na mama yake walikaa ghorofa ya tatu, na jengo halikuwa na lifti. Dada hakuja mlangoni. Alijaribu kuinuka kitini ili anilaki, akarudi chini kama gunia.

Wiki mbili nikamhudumia: chai, soksi, hata rimoti ya televisheni. Nilijiona ndugu mwema.

Wiki ya tatu tulimpeleka kliniki kwa teksi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamume mpole, alimtaka asimame bila kushika kitu. Alijaribu mara tatu, akashindwa. Yule bwana akambonyeza paja, akasema maneno kwa Kiswidi, Neema akatafsiri.

"Anasema goti limechakaa kweli, Mama. Lakini msuli wa paja nao umenywea kwa kutotumika, kwa hiyo goti linabeba mzigo peke yake."

Dada akafoka. "Nimesafisha ofisi za watu miaka ishirini! Leo naambiwa situmii miguu?"

"Mara ya mwisho ulishuka ngazi lini?" Neema akauliza.

Dada akaomba apewe koti lake.

Tulirudi na mazoezi mawili tu: kuketi na kusimama, na kunyoosha mguu ukiwa kitini. Kila siku, hata kukiuma kidogo.

Jioni ile aliniomba maji. Sikuinuka.

"Umetoka kote huko kuja kunitesa?"

"Yapo jikoni, Dada."

Alilia. Kisha akashika meza, akajiinua. Niligeukia dirishani nisije nikamshika mkono.

Aprili, siku yangu ya kuondoka, yeye akiwa ameghairi kurudi, alinisindikiza. Alishuka ghorofa mbili, akaketi kwenye ngazi, jasho linamtiririka.

"Basi twende wote nyumbani," nikamwambia.

"Nenda, mdogo wangu. Mimi nina ngazi za kupanda."

Nilirudi Morogoro nimechoka, na magoti yake bado yanamuuma. Nilichojifunza ni kidogo, tena hakinifurahishi: zile wiki mbili za kumletea kila kitu, nilikuwa namnyang'anya miguu.