Kamba ya Madirisha Mawili

Mena Scognamiglio hakuwa mtu wa kulialia. Hapa uchochoroni kwetu, Napoli, mtu akijikwaa kidole cha mguu mtaa mzima unapata habari, lakini Mena alimzika mume, akalea mtoto wake wa pekee, akafua nguo za watu maisha yake yote, na uso wake ni ule ule wa kukuuliza, haya, na wewe shida yako nini.

Alikuwa anafua vitambaa vya meza vya mikahawa miwili, kanzu za padri, na mashuka ya maharusi. Mashine anayo, imebanwa jikoni kati ya jiko na mlango, hata ukitaka kupika sharti uusukume mlango kwa goti. Pa kuanikia ndani ndipo hakuwa napo. Chumba kimoja na jiko, basi. Alichokuwa nacho ni kamba. Ilitoka dirishani kwake ghorofa ya tatu, ikavuka uchochoro, ikazunguka kigurudumu cha chuma kilichofungwa ukutani kando ya dirisha la Ersilia, ikarudi. Kamba ya namna hiyo haina mwenyewe mmoja. Huyu anaanika, yule anavuta, na mvua ikianza kunyunyiza wa kwanza kuiona anampigia mwenzake kelele. Mena na Ersilia waliivuta tangu wakiwa maharusi. Umbea wao ulipita hapo, na ugomvi, na sahani za chakula. Ersilia alipomzaa Nunzio, Mena ndiye aliyemshika kwenye maji ya ubatizo, na kuanzia siku ile wakaitana somo, hawana siri.

Mtoto wa Mena mwenyewe, Sabatino, yuko Modena, huko kaskazini, kiwandani. Kila akipiga simu wimbo ni mmoja. "Mama, achana na hizo nguo za watu. Njoo huku, tumekuandalia chumba." Chumba chenyewe ni pale walipokuwa wanaweka baiskeli. Na Mena jibu lake ni lile lile: "Siku nitakayoshindwa kufua, nitakuja. Kabla ya hapo usinisumbue." Kwa hiyo sote tulijua jambo lilivyo. Kamba ikitoka, kazi imetoka, na Mena naye ametoka.

Basi, mwaka juzi Nunzio akamhamisha mama yake. Goti la Ersilia lilikuwa bovu, ngazi zinamtesa, akampeleka Secondigliano kwenye ghorofa refu lenye lifti. Nyumba ya uchochoroni akaipaka rangi nyeupe tupu kama zahanati, akaingiza meza na intaneti ya kasi, akaanza kuwapangisha watu wa kompyuta. Hao mnawajua. Mtu mwenyewe yuko Napoli, kazi yake iko Ujerumani au sijui wapi, anamwona bosi wake kwenye kioo, na mchana kutwa hatoi pua nje. Wakaja, wakakaa, wakaondoka, hata majina yao hatukuyajua.

Oktoba akaja Jesper, kijana wa Denmaki, mrefu, mweupe mpaka unaona mishipa. Mena akawa anamwangalia huku anaanika. Mwanamume mzima, siku ya kazi, saa nne asubuhi, amekaa dirishani hana viatu, anakula mkate wa kwenye mfuko wa plastiki, anaongea peke yake. Hapa kwetu mwanamume akionekana nyumbani saa hizo, ama amefukuzwa kazi, ama anaumwa, ama ndiyo kwanza ametoka gerezani. Mena akakata shauri kwamba anaumwa.

"Masikini mtoto wa watu," akasema. "Na mama yake huko hana habari."

Jumapili ile akajaza bakuli tambi, akamwagia mchuzi wa nyama uliokuwa unachemka tangu alfajiri, akalitia kwenye mfuko, akaubana kwenye kamba, akavuta. Mfuko ukaenda ukagonga kioo cha Jesper. Jamaa akafungua dirisha, akautazama, akamtazama Mena, akatoa pochi.

"Kiasi gani?"

"Nitakutandika!" Mena akamfokea. "Rudisha pochi yako. Kula!"

Akala. Bakuli likarudi limeoshwa, ndani yake chokoleti. Ikawa ndiyo desturi, kila Jumapili, na Kiitaliano chake akakiokota hapo hapo dirishani. Siku moja Mena akamuuliza, "Hebu niambie ukweli, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Siumwi, Mama Mena. Nipo kazini."

"Kazi gani hiyo?"

"Napanga mizigo ya meli."

"Meli ziko bandarini, wewe uko hapo miguu peku. Unanifanya mjinga?"

Jesper akacheka mpaka akashika dirisha. Halafu akasema kitu kilichomwingia Mena moyoni. Akasema mwezi wa kwanza alikuwa haongei na mtu ila kompyuta, amekwisha kukata tiketi ya kurudi kwao, na ni lile bakuli lililomzuia. "Nimemwambia Nunzio nataka nyumba hii mwaka mzima," akasema. Mena akafurahi, jamani! Alitangaza kwa muuza samaki, kwa padri, kwa kila mpita njia, kwamba yule mrefu anabaki kwa sababu ya mchuzi wake. Laiti angejua, angemwacha aishie na mkate wake wa plastiki.

Baada ya Pasaka Nunzio akaja kwa Mena na boksi la sfogliatelle, zile keki za tabaka zenye jibini tamu, moto moto.

"Jumatano?" Mena akamwuliza mlangoni. Keki hizo ni za Jumapili. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Siwezi kumletea mama yangu wa ubatizo kitu kitamu?"

"Wewe! Krismasi hukuniletea hata karanga. Kaa, useme kilichokuleta."

Nunzio akakaa, akawa anaichezea kamba ya boksi. "Ni Jesper. Amepandishwa cheo, sasa anaongea na wateja wakubwa, kamera iko wazi kutwa. Mashuka yanamtia giza. Na kile kigurudumu kinalia kriii, kriii, watu wako mkutanoni."

"Nitakitia mafuta."

"Na giza nalo utalitia mafuta?"

"Ahamishe meza."

"Chumba kina dirisha moja, Mama Mena. Unakijua kuliko mimi."

"Nakijua. Nilikuogeshea humo."

Nunzio akainamisha uso. Haya ilimshika, tusimsingizie, lakini haikumzuia kusema. "Bosi wake amemwambia atafute mahali penye utulivu, la sivyo arudi ofisini kwao. Akiondoka, mimi nitampata wapi mwingine wa mwaka mzima? Fundi anakuja Jumatatu kukitoa."

"Na mimi nianike wapi? Kichwani?"

"Si uende tu kwa Sabatino, upumzike? Umri nao huo..."

"Umri wangu uache hapo ulipo. Mama yako anajua?"

"Mama hana neno. Na kigurudumu kiko ukutani kwetu."

Kwetu! Mena aliusikia ukuta ule ukigawanywa. Akalichukua boksi la keki, akamrudishia mikononi, akamfungulia mlango. Nunzio akashuka ngazi na keki zake.

Angeweza kumweleza Jesper mwenyewe. Kijana hakuwa mbaya, na huenda angehamia chumba kingine cha mtu mwingine. Lakini kumwomba mgeni aliyemlisha kwa mkono wake ruhusa ya kuanika kwenye kamba yake, hapana, mdomo ulikataa. Na aliamini hapakuwa na haja. Ersilia yupo. Ersilia akimkoholea tu Nunzio, Nunzio ananywea. Jumamosi Mena akajifunga skafu, akapanda basi, akabadilisha basi, akafika Secondigliano.

Alimkuta somo wake ghorofa ya nane, amekaa kwenye dirisha linalotazama uwanja wa kuegeshea magari na barabara kuu. Ng'ambo ya pili hakuna dirisha la mtu. Ersilia akapika kahawa, wakanywa, Mena akaeleza yote, mashuka, kamera, fundi.

"Kwa hiyo sema naye, somo. Neno moja tu."

Ersilia akakoroga kahawa iliyokwisha kukorogwa. "Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia akitoe."

Mena akaweka kikombe chini. "Wewe?"

"Mimi. Ulitaka nikudanganye?"

"Ersilia! Nimekukosea nini mimi?"

"Huna hata habari." Ersilia akacheka, kicheko kibaya. "Siku nahamishwa. Nimekaa kwenye ngazi, nimekumbatia mkoba wangu, sitaki kwenda. Nikakwambia, Mena, sema na mwanao wa ubatizo, wewe anakusikia. Ulinijibu nini?"

Mena alikumbuka.

"Ukaniambia, una bahati wewe, unapata lifti. Ukapanda zako kuanika."

"Goti lako, somo. Nilikuona unavyoteseka."

"Goti lilikuwa langu! Ningepanda polepole, ningepanda kwa makalio, lakini ningekuwa nyumbani. Lifti inanishusha niende wapi? Nikasalimiane na magari? Hapa hakuna anayejua jina langu. Na kila aliyekuja kunitembelea kutoka kule ananisimulia wewe na mgeni wako, Jumapili tambi, Jumapili biringanya, kwa kamba yangu, kwenye dirisha langu. Mimi umeniletea sahani ngapi huku? Mabasi mawili tu, Mena."

Mena hakuwa ameleta hata moja. Alikuja Krismasi na maua, akakaa kidogo, akawahi basi. Alitaka kumwita mwivu, mwenye roho mbaya, alitaka pia kumwangukia miguuni, na vyote viwili vikamkwama.

"Sasa tutakuwa sawa," Ersilia akasema, akaanza kulia, mtu mzima yule, mabega yanatikisika.

Mena akaviosha vikombe viwili kwa mazoea, akavifunika, akaondoka. Kwenye basi alikuwa na hasira hata abiria wa kiti cha pili akahama. Lililomuuma zaidi si kigurudumu. Lilikuwa kwamba Ersilia amesema kweli, na kwamba katika Jumapili zote zile za kumlisha mtu asiyemjua, somo wake hakumjia akilini hata mara moja.

Jumatatu fundi akaja, akafungua skrubu. "Mama, vuta kamba yako isianguke!" akapaza sauti, na Mena akaivuta yote ndani, ikajaa sakafu ya jikoni mpaka hapana pa kukanyaga. Vitambaa vya mikahawa alijaribu kuvianika kwenye kitako cha dirisha na juu ya viti, vikatoa harufu ya uvundo, mkahawa wa kwanza ukavirudisha, wa pili haukuleta tena. Alijikaza kisabuni majuma machache. Halafu akampigia Sabatino, akamwambia aje na gari.

Siku ya kufunga mizigo dirisha la ng'ambo likafunguka. Jesper alikuwa amesimama kwenye jua lote lile, anang'aa.

"Mama Mena! Umeona mwanga?"

"Nimeuona."

"Nunzio aliniambia umekubali. Asante sana, asante kutoka moyoni. Jumapili nitakuja mwenyewe kuchukua chakula."

"Jumapili sipo. Naenda Modena kwa mwanangu."

"Safi sana! Mapumziko! Utarudi lini?"

Mena akamtazama. Kijana wa watu alikuwa anatabasamu, hajui chochote, na hakuna aliyemwambia. Angemtukana angemwonea, na asipomtukana angepasuka.

"Sirudi," akasema.

Tabasamu likamtoka Jesper, na tuseme haki, alisikitika. Alisikitika kweli, akashika kifua, akatafuta maneno ya Kiitaliano asiyapate. Halafu akakumbuka kitu, uso ukachangamka tena.

"Na nyumba yako je? Kuna mtu? Nina rafiki yangu, anafanya kazi kama mimi, anatafuta mahali. Nimemsimulia habari zako zote. Anaogopa upweke, lakini nimemwambia hapa watu wanakulisha."

"Mwambie aje na chakula chake," Mena akasema, akafunga dirisha.