Njia ya Kutoka Kisiwani

Paulino Lomoro alikuwa na domo, tuseme ukweli. Alitoka Sudan mkimbizi, akalima muhogo Manibe, karibu na Arua, lakini akija mgeni, jembe analitupa. Mapadri, walimu, watoto wa shule, wote alipanda nao lori mpaka Nile, kisha mtumbwi hadi vile visiwa vya mawe ambako wazungu wa zamani walijenga gereza. "Hapa iko mahali mutu alifungwa mguu," atasema, na watoto wanajishika miguu!

Tamu aliiweka mwisho. Nyuma ya kisiwa cha mbali, wakati wa kiangazi, kuna mwamba chini ya maji. Ukiujua, unavuka mpaka kwenye matete ya ng'ambo, maji hayapiti kiuno. Wafungwa wa zamani walitorokea hapo. Aliwaonyesha wachache tu, na shemeji yake Kenyi, mpiga kasia wake, aliujua mwamba ule kama uwanja wa nyumbani.

Mwaka wa sabini na tatu, nchi iko mikononi mwa wanajeshi, akaja afande mmoja kutoka Koboko. Huyu alisikiliza, jamani! Alipapasa kuta, akauliza, akasifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Paulino alisifiwa mpaka akavimba kichwa.

"Wewe ni mwalimu kweli," afande akasema. "Na ya kutoroka, njia iko?"

"Iko, afande! Kuja nikuonyeshe."

Akavua viatu, akamvusha mwenyewe, akicheka.

Haukupita mwezi, wageni wakapigwa marufuku. Malori ya jeshi yakawa yanashuka mtoni yamejaa watu, yanarudi matupu. Paulino akafunga domo lake, akarudi kwenye muhogo. Kiangazi kilichofuata wakamkamata Kenyi sokoni Arua, kosa lake kumcheka askari aliyeanguka na baiskeli. Kucheka tu! Akapelekwa visiwani.

Susana, mke wa Paulino na dada yake Kenyi, alilia mpaka sauti ikakauka.

"Nyamaza, mama," Paulino akamwambia. "Kenyi anaijua njia. Maji yako chini sasa. Atavuka."

Susana akaamini. Hata chakula wakawa wanamwekea.

Kisha afande akamwita Paulino. Alikuwa na wageni wake kutoka Kampala, na alitaka mwalimu wake awatembeze. Paulino akawatembeza, akisimulia yale yale ya zamani. Kwenye mwamba, matete ya ng'ambo yalikuwa yamekatwa, na askari wawili wamekaa na bunduki kwenye mahandaki yao.

"Waambie," afande akasema. "Tangu unionyeshe hapa, wangapi wamevuka?"

Paulino akatazama ng'ambo. Shati la buluu la Kenyi lilikuwa limenasa kwenye visiki vya matete, lina matundu ya risasi mgongoni.

"Hakuna, afande."

Wageni wakacheka. Afande akampiga bega kirafiki, akampa sigara.

Aliporudi nyumbani jioni, Susana alikuwa mlangoni, sahani mkononi. "Amevuka?"

"Askari walikuwa wanamngoja ng'ambo."

"Nani aliwaambia wangoje pale?"

Angeweza kudanganya. Mtu aliyedanganya watoto wa shule miaka mingapi, angeshindwa na mke? Siku hiyo akashindwa.

"Mimi."

Susana aliweka sahani chini, akamletea viatu vyake.

"Mama yetu yuko kijijini Lurujo, hajajua," akasema. "Nenda ukamwambie. Si wewe ndiye unayejua kusimulia?"