Kamba Hukunjwa Mbili

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka rohoni. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Baba tumemzika juzi, na baba mdogo amekuja na kamba ya katani kutugawia shamba letu kule Manga.

Baba aliacha wake watatu. Mama yangu ndiye wa tatu, na alizaa wasichana watupu. Baba mdogo akanyoosha kamba toka njiani hadi mtoni, akaikunja mbili. Nusu hii nyumba ya kwanza, nusu ile nyumba ya pili. Ncha hazikulingana; ukabaki mkia mfupi wa kamba, ukaangukia matopeni kwenye matete ya mtoni.

"Na mimi?" mama akauliza.

"Mama-wasichana, kamba hukunjwa mbili tu."

"Mbona blanketi lako unalikunja tatu, shemeji?"

Watu wakacheka. Baba mdogo akanyoosha mguu kuelekea matete. "Shika huo mkia."

Mama akalima matope. Wimbi alilopanda likaoza, viazi vikaoza, mwisho kifua chake nacho kikaoza. Tukamzika humo humo, kaburi linatoka maji.

Miaka ya sabini vijana wa zile nyumba mbili wakaunganisha vipande vyao wapande chai. Baba mdogo, sasa kibogoyo, akaniita: "Binti yangu, unaona? Shamba limerudi."

"Na mama yangu amerudi?"

Akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Sasa mjukuu wangu Kerubo, na ninajivunia sana huyo, anasomea kompyuta. Anaiandikia mashine kanuni, nayo inatafuta jibu yenyewe. Akaniambia namba mashine inaiandika kwa moja na sifuri tu, tatu ikiwa moja na moja; ukiisukuma hatua moja kulia inakuwa nusu isiyo na kipande: tatu inabaki moja. Ukairudisha kushoto inakuwa maradufu: mbili.

"Tatu haikurudi?"

"Ile moja ya mwisho ilidondoka ukingoni, magokoro," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. "Mashine haiikumbuki."

Alisema hivyo akinywa chai. Mimi nikaweka kikombe changu chini.

Mwanangu, kabla hujasukuma, tazama nani yuko ukingoni. Usijidanganye kwamba utarekebisha baadaye. Baadaye utarudisha udongo; mtu hutamrudisha. Siku utakayopewa kugawa, hesabu kwanza watu waliosimama hapo, na mwanamke umhesabu kama mtu, kisha ndiyo ukunje. Na wakikwambia kamba haikunjiki tatu, waambie ni waongo.

Mungu akupe mkono mpana. Watoto wako wote, wa kike kwa wa kiume, wapate pakavu pa kulala wakiwa hai, na pakavu pa kulazwa wakifa.