Alinipima Kwenye Mizani ya Ng'ombe, Nikairudia

Siku niliyopimwa uzito kwenye mizani ya ng'ombe, wanaume kama arobaini walikuwa wamekaa wanakunywa kahawa, na namba yangu ikawaka kwa taa nyekundu juu ya kichwa changu.

370.

Hizo ni ratili. Kwa kilo ni kama mia na sitini na nane. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Naitwa Trudi Kubicek. Mimi si mtu wa maneno. Shule niliacha darasa la kumi mama alipougua, na tangu hapo nimekuwa mtu wa jikoni. Shangazi yangu Arlene ana mgahawa ndani ya jengo la mnada wa ng'ombe, kwenye mji wetu mdogo huku Nebraska. Mimi nilikuwa naosha vyombo kule nyuma.

Kazi ile niliipenda kwa sababu moja. Kati yangu na watu kulikuwa na ukuta, na kidirisha cha kupitishia sahani. Basi.

Sasa nilifikaje kwenye mizani ya ng'ombe?

Nilikuwa naumwa kichwa kila siku, nikaenda klinikini. Muuguzi Corliss akanipandisha kwenye mizani yao. Ikafika mwisho, ikagoma.

"Trudi, mdogo wangu," akasema, "hii yetu inaishia mia tatu na hamsini."

"Sasa?"

"Daktari hawezi kukuandikia dawa ya presha bila uzito kamili." Akatazama viatu vyake. "Pale mnadani kwenu kuna mizani."

Masikio yalinichoma kwa aibu. Lakini kichwa kilikuwa kinauma.

Mpimaji wa mnada aliitwa Duane Pelster. Mizani yake ni jukwaa la chuma katikati ya kizimba. Ng'ombe anaingia, Duane anasoma, namba inawaka ubaoni, dalali anaanza kupandisha bei ya kila ratili.

"Njoo Jumatano saa mbili na nusu," Duane aliniambia kwa sauti ya chini, kama ndugu. "Mnada ni saa nne. Hakutakuwa na mtu. Siri yako naibeba mimi."

Nikamwamini.

Nilivua viatu, nikaingia kupitia lango la ng'ombe, maana hakuna lango lingine. Likafungwa nyuma yangu, kwa! Nikainua macho. Viti vimejaa.

Kipaza sauti kikakohoa, kisha sauti ya Duane.

"Mabwana, leo tunaanza mapema! Huyu ni mtamba wa kwa Kubicek, kanenepeshwa kwa pai za shangazi yake. Nani anaanza?"

Ubao ukawaka. Watu wakacheka mpaka wengine wakamwaga kahawa. Mwanaume mmoja wa mstari wa mbele, sahani ya pai iko magotini, akanyoosha mkono kama mnunuzi.

"Nampa huyo!" Duane akapiga kelele. "Lakini usafiri juu yako, hilo gari langu halimwezi!"

Sikulia. Nilitazama chini tu, nikaona soksi yangu imeingia kwenye kinyesi.

Kuanzia siku ile jina langu likafa. Duane akifika kidirishani anasema, "Mia Tatu Sabini, kahawa!" Na wengine wakajifunza.

Mchana wa Jumatano ileile nilichukua kalamu ya nta wanayoandikia ng'ombe migongoni. Nikafungua kabati la vikombe, nikaandika ndani ya mlango: 370.

Nikaapa. Nitarudi kwenye mizani yako nikiwa na mia mbili, Duane. Na utaisoma kwa kipaza sauti hichohicho. Kabla ya Krismasi.

Ulikuwa mwezi wa nane.

Nilikuwa nakunywa kahawa chungu asubuhi, kabichi ya kuchemsha jioni. Katikati, hasira. Siku ya kumi na tisa nilianguka mbele ya sinki na trei ya vikombe. Vikombe ishirini na viwili vikaenda.

"Nani alikupa lengo hilo?" Corliss aliniuliza klinikini, sindano ya maji iko mkononi mwangu.

"Mimi mwenyewe."

"Hapana. Kakupa Duane. Wewe umelibeba tu."

Nikageuzia uso ukutani.

"Ratili moja kwa wiki," akasema. "Moja."

"Moja? Si itakuwa miaka mitatu na zaidi!"

"Una haraka ya kwenda wapi? Ukianguka tena Duane atakuwa na kichekesho cha pili."

"Na hasira yangu nifanyie nini?"

Corliss akacheka kidogo. "Igawe. Usiile yote siku moja. Kila wiki kipande."

Dada huyu alinijua.

Basi nikaanza upya, kidogokidogo. Yai asubuhi. Bakuli moja la maharage ya nyama badala ya mawili. Andazi la mdalasini nusu, maana Jumatano huku bila andazi la mdalasini si Jumatano. Pai ya shangazi Jumapili, kipande kimoja, nakula nimekaa, sijifichi.

Na kutembea. Siku ya kwanza nilizunguka mazizi ya mnada mara moja, nikahema kama punda. Baada ya mwezi, mara tatu.

Siku nikisikia uvivu nafungua kabati, natazama ile namba, nasikia "nani anaanza?" Nafunga kamba za viatu.

Kila ratili niliyoamini imetoka nilikuwa naihesabu kama jino la Duane lililong'oka.

Kwa hesabu yangu, baada ya wiki ishirini ningekuwa mia tatu na hamsini, na mizani ya klinikini ingenikubali. Wiki ya ishirini nikapanda. Ikagoma.

Wiki ya ishirini na tano, ikagoma.

Wiki ya thelathini nikapanda nimevua hata viatu na saa. Ikagoma.

"Mbona mkanda wako una matundu mapya matano?" Corliss aliniuliza. "Huo mwili unapungua, Trudi. Mimi nauona."

"Mizani haiuoni."

Nilitoka pale nikaingia stoo ya mgahawa, nikafunga mlango, nikala maandazi tisa nimesimama. Nikasema basi. Duane kashinda.

Shangazi Arlene akanikuta na sukari kidevuni. Hakunigombeza. Akakaa juu ya ndoo ya unga.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Kesho ni Alhamisi. Alhamisi haijafanya kosa lolote, isikupe shida. Yai lako nitalichemsha mimi."

Alhamisi nikala yai. Nikatembea.

Wiki ya arobaini na moja mizani ya klinikini ikaacha kugoma. 349. Corliss na mimi tulikumbatiana pale mpaka mgonjwa mwingine akauliza kama kuna msiba.

Tangu hapo nikawa napimwa klinikini kila Jumanne. Na Jumatano asubuhi mapema, nikiingia kufagia chumba cha mizani kabla Duane hajaamka vizuri, nikawa napanda jukwaa la ng'ombe peke yangu. Ubao umezimwa, namba naiona kwenye kioo kidogo cha kusomea, kupitia dirisha la chumba cha mpimaji. Nilitaka miguu yangu ilizoee lile jukwaa. Nisitetemeke siku yangu ikifika.

Jumatano ya kwanza: sawa na klinikini. Ya pili: sawa. Ya tatu, klinikini nilikuwa 346, jukwaa likasema 325.

Nilifurahi kijinga, nikatembea mizunguko miwili ya ziada.

Wiki iliyofuata zikalingana tena. Nikasema, ngoja. Mtu hashuki ratili ishirini Jumatano akazipata Jumanne.

Nikaanza kuandika mistari miwili ndani ya kabati. Klinikini. Ng'ombe. Wiki baada ya wiki. Nyingi zilikuwa sawa. Zingine pengo lilikuwa kubwa, na halikuwa na sababu.

Sababu niliiona kwenye sinki.

Muosha vyombo haoni sura za watu, anaona sahani. Kuna mtu mmoja akila pai ya zabibu kavu huzitoa zabibu zote, anazipanga pembeni mwa sahani kama askari. Anakula krimu, zabibu anaacha. Sahani ile haikuja kila wiki.

Ilikuja zile Jumatano za pengo.

Nikachungulia kidirishani. Mstari wa mbele, sahani magotini. Verlin, shemeji yake Duane. Anawanunulia ng'ombe watu wa machinjio.

Moyo ukanipasuka. Si kwa ajili yangu.

Mwaka uliopita baba yangu, Emil, aliuza ng'ombe kumi na mmoja pale. Aliporudi nyumbani alikaa na kofia kichwani mpaka chakula kikapoa. Akasema, "Nimesahau namna ya kulisha ng'ombe, Trudi. Wamekonda na mimi sikuona." Alijilaumu mwaka mzima. Mtu aliyefuga tangu akiwa mtoto.

Kumbe ng'ombe walikuwa wazima. Mizani ndiyo iliyokuwa inaumwa.

Nilitaka kusubiri nifike mia mbili. Ndicho kiapo changu, niingie kizimbani nimekonda, Duane ameze ulimi. Lakini Jumatano moja ya mwezi wa saba, karibu miaka miwili tangu nile kiapo, baba akasema wakati wa chai, "Leo napeleka sita waliobaki. Naachana na ufugaji."

Jana yake klinikini nilikuwa 298.

Nilikwenda kazini nikiomba sahani ile isije. Saa tatu na nusu ikaja. Zabibu kumi na saba zimepangwa pembeni.

Nikavua aproni.

"Unaenda wapi?" Shangazi akauliza.

"Kupimwa."

Viti vilikuwa vimejaa. Baba alikuwa juu kabisa, kofia mkononi. Ng'ombe wake walikuwa nyuma ya lango, zamu yao inakuja. Nikapita kati yao, nikaingia kizimbani.

Duane akaniona, akawasha kipaza sauti kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Loo! Mia Tatu Sabini karudi! Umekuja kuuzwa tena, mpenzi?"

"Nipime," nikasema.

"Hawasikii huko nyuma!"

"NIPIME!"

Sikujua nina sauti ile. Hata ng'ombe walinyamaza.

Ubao ukawaka: 280.

Wengine wakaanza kupiga makofi. Duane akacheka. "Mabwana, kapungua! Bei itashuka!"

"Jana saa nane mchana klinikini nilikuwa mia mbili tisini na nane," nikasema, machozi yananitoka lakini sauti haikukatika. "Ndiyo, mia mbili tisini na nane, cheka. Leo nimekula yai na kahawa. Duane, ratili zangu kumi na nane ziko wapi?"

Kicheko chake kikafa nusu njia.

"Mizani ya klinikini mbovu hiyo..."

"Leteni chumvi," sauti ikasema kutoka juu. Baba. Ameshasimama. "Mifuko ya chumvi ya ng'ombe. Kila mmoja ratili hamsini, imeandikwa kiwandani. Leteni kumi."

Duane akasema mnada utachelewa. Mzee Hollis, dalali wetu, akamnyang'anya kipaza sauti. "Nimepiga mnada hapa miaka thelathini, Duane. Nitachelewa kwa furaha."

Mifuko kumi ikapangwa jukwaani. Kila mtu pale alijua jibu. Mia tano.

Ubao: 470.

Hakuna aliyecheka. Wafugaji wale walikuwa wanapiga hesabu za miaka yote, ungeweza kuiona kwenye midomo yao. Kama mimi wananikata kumi na nane, ng'ombe mmoja wanamkata zaidi ya themanini.

Wakainua jukwaa. Chini ya kona moja kulikuwa na kipande cha bomba, kimebanwa kama kabari, kimefungwa kamba ya kukivutia ukiwa ndani ya chumba cha mpimaji.

Verlin alikuwa ameshafika mlangoni. Shangazi Arlene alikuwa amesimama pale na birika la kahawa ya moto. "Kaa chini," akamwambia, "hujamaliza zabibu zako."

Akakaa.

Polisi walipokuwa wanamtoa, Duane akanisogelea. Sura imeshuka, sauti ileile ya chini, ya kindugu.

"Trudi, si ungenifuata pembeni tu, tukaongea?"

"Namba yangu uliisomea pembeni?"

Polisi wakamwingiza garini. Siku hiyo nililala kama mtoto.

Ng'ombe sita wa baba walipimwa wiki iliyofuata, na watu wa serikali wamesimama hapo. Namba zilipowaka baba akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Hajaacha kufuga mpaka leo.

Lakini bado sijawaambia jambo moja.

Wapimaji wa serikali walisema bomba lile lilikuwa linaiba sita katika kila mia. Nikamweleza Corliss. Akachukua kalamu.

"Trudi. Siku ile ya kwanza, Verlin alikuwepo?"

Mstari wa mbele. Sahani ya pai magotini. Mkono juu kama mnunuzi.

Alikuwepo.

Corliss akapiga hesabu, akanigeuzia karatasi. Siku ile sikuwa 370. Nilikuwa karibu 394.

Ndiyo maana wiki ya ishirini mizani iligoma. Ndiyo maana wiki ya thelathini nilikula maandazi tisa nikasema nimeshindwa. Sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nashuka vizuri kabisa, ila nilikuwa nahesabu kuanzia namba ya mwizi.

Nilirudi jikoni, nikafuta 370 kwa kitambaa chenye sabuni. Ikagoma kidogo, ikatoka. Nikaandika yangu ya kweli.

Leo niko 251. Mia mbili bado, na sina haraka. Sioshi tena vyombo nyuma ya ukuta, napokea watu mbele. Duane anasubiri kesi, na nasikia amenenepa. Sicheki. Sawa, nilicheka mara moja.

Wewe unayesoma na una mwili unaotaka kuupunguza: weka lengo dogo ambalo hata wiki mbaya haiwezi kuliua. Wiki ikiharibika, Alhamisi ipo. Na pa kuanzia, kapimwe na mtu anayekutakia mema. Mtu anayekucheka usimwachie akusomee namba yako.