Nilivyofaulu mtihani wa Bwana Samaki kwa samaki wa mama mdogo (Mwanza, miaka ya tisini)

Wakuu, habari za majukumu. Walionizidi umri humu ndani, shikamooni.

Muda mrefu nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili la ajira. Kila nikiingia nakuta vijana wanaulizana: mtihani wa kazi ya serikali ukoje, silabasi yake ni ipi, nani ana past paper. Nimeona na mimi niweke la kwangu. Ni la zamani, lakini mitihani hii haijabadilika sana kama mnavyodhani.

Nitakayoandika yalinipata mwenyewe. Majina ya watu na ofisi nimeyaacha makusudi, msinibane huko chini.

Twende taratibu. Asiyeelewa aulize, hakuna atakayechekwa.

Miaka ya tisini kiwanda cha nguo nilichokuwa nafanya kazi kule Nyakato kilipunguza watu, halafu kikafungwa kabisa. Nilibaki na cheti cha kidato cha nne na vidole vinavyojua kuunga uzi uliokatika. Nikahamia Pasiansi kwa mama mdogo, mdogo wa marehemu mama.

Mama mdogo alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Anawanunua asubuhi pale mwaloni boti zinapotia nanga, anawakaanga, jioni anawauza barabarani.

Mimi nina jina la baba yake mzazi. Kwa hiyo tangu nazaliwa hakuwahi kunitamka jina, alikuwa ananiita "baba". Wageni walikuwa wanashangaa mama mtu mzima anamwambia kijana, "Baba, njoo ule."

Kipindi hicho viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kando ya ziwa. Magari ya barafu yalikuja mwaloni yakachukua sangara wazuri wote, safari ya Ulaya. Akina mama wakabaki na samaki waliokataliwa, au mapanki, yaani kichwa na mifupa minofu ikishaondolewa. Barafu hawakuwa nayo. Iliyokuwepo ilikuwa ya magari.

Ndipo likatoka tangazo: serikali inatafuta wakaguzi wasaidizi wa samaki. Kule kwetu mtu wa kazi hiyo anaitwa Bwana Samaki, awe mzee, awe kijana.

Mama mdogo ndiye aliyelisikia kwanza. Alirudi nyumbani hata beseni hajalitua.

"Baba, kazi yako hiyo imetoka. Ukiwa Bwana Samaki na sisi tutakuwa na mtu wa kutusemea. Hata barafu tutaipata."

Shikeni hapo. Hakutaka kazi ile kwa ajili yangu peke yangu.

Sasa nije kwenye muundo wa mtihani, maana ndicho mnachokitafuta wengi.

Ulikuwa na hatua tatu: kuandika, vitendo, halafu usaili.

Kwenye kuandika kulikuwa na maarifa ya jumla, hesabu na taaluma yenyewe. Hesabu hazikuwa za kutisha: asilimia, uzito, nyuzi joto, samaki wangapi wanaingia kwenye kreti. Ukiwa umemaliza darasa la saba vizuri unazifanya. Kinachowaangusha watu ni haraka. Soma swali mpaka nukta ya mwisho ndipo ushike kalamu.

Maarifa ya jumla ndiyo yalifagia watu.

Kizazi chetu kililelewa kwamba mtihani wowote wa serikali lazima uwe na Siasa. Watu walikariri maazimio na miongozo ya chama mpaka wanaiota. Tunafungua karatasi, tunakutana na: "Eleza faida za soko huria kwa mvuvi mdogo."

Jamaa aliyekaa jirani yangu aliguna kwa sauti, "Mama yangu! Hawa wamebadili dini bila kutuambia!" Msimamizi akamkodolea macho, chumba kizima tukainamia karatasi tukijizuia kucheka.

Mimi soko huria lenyewe ndilo lililofunga kiwanda chetu na kunitoa Nyakato. Lakini niliandika faida zake ukurasa mzima, na hasara sikutaja hata moja.

Vijana wangu, swali likisema faida, andika faida. Hiyo ni mbinu na inafanya kazi. Nawapa kwa moyo mweupe, ila someni mpaka mwisho mwone inaishia wapi.

Kwenye taaluma kulikuwa na matundu ya nyavu, majina ya samaki, usafi, na kubwa kuliko yote: dalili za samaki aliyeharibika. Macho yamezama au yamejaa? Mashavu mekundu au yamegeuka kahawia? Nyama ukiibonyeza inarudi au inabaki na shimo? Harufu?

Hiyo sehemu nilifundishwa na mama mdogo. Mimi nasoma kijitabu, yeye ananionyesha kwenye beseni.

Tofauti ilikuwa moja. Kijitabu kilikuwa na majibu mawili tu, anafaa na hafai. Mama mdogo alikuwa anapanga: "Huyu wa kuchemsha. Huyu wa kukaanga leo leo. Huyu wa kukausha kwa moshi. Huyu tupa."

Nikamwambia, "Mama, kwenye mtihani hakuna karai."

Akacheka. "Basi hao wanaotunga hawali samaki."

Nikafaulu kuandika. Tukaitwa kwenye vitendo.

Wakuu, nadhani mlitegemea, kama nilivyotegemea mimi, kwamba tungeletewa samaki kwenye meza ya maabara. Hapana. Asubuhi tulipandishwa kwenye pikapu ya serikali tukapelekwa mwaloni. Na siyo mwalo mwingine, ni ule ule wa mama mdogo.

Msimamizi alikuwa kijana mwenzetu, ametokea Dar, raba zake nyeupe kabisa. Akatoa masharti. Kila mtahiniwa atasimamishwa mbele ya fungu la samaki wa mfanyabiashara, atazame, aguse, aseme wanafaa au hawafai na sababu zake. Kuongea na mwenye samaki ni marufuku. Ukiongea, umejifuta.

Na fungu ambalo wasimamizi watakubali kwamba halifai, litateketezwa pale pale.

Tuliulizana kwa macho. Kumbe mtihani ni wetu, samaki ni wa watu.

Wa kwanza alikuwa dada mmoja wa Kijita kutoka upande wa Musoma. Alishika, akanusa, akafunua mashavu. Akasema, "Kwa kiwandani hawafai. Kwa karai, wakikaangwa kabla ya saa sita, wanafaa."

Yule msimamizi akamwangalia. "Dada, hapa tunakagua au tunapika?"

"Nimejibu ninavyojua, mkuu."

"Ukirudi nyumbani wapikie. Wanafaa au hawafai?"

Dada akarudisha samaki kwenye beseni. Msimamizi akaandika kitu kifupi sana kwenye karatasi yake. Wenzake wakacheka, na sisi watahiniwa tukacheka, maana ukiwa mtahiniwa unacheka na wenye kalamu.

Nilichojifunza pale ni jibu gani lina maksi. Hilo sikulisahau hata dakika moja.

Nikaitwa mimi. Nikaongozwa katikati ya mabeseni, kushoto, kulia, nikasimamishwa.

Mbele yangu alikuwa mama mdogo.

Sikumwamkia. Wakuu, mama aliyenilea, asubuhi ile alitoka nyumbani kabla sijaamka, kwa hiyo tulikuwa hatujaonana. Nikasimama mbele yake kama nimesimama mbele ya ukuta.

Mwenzake aliyekaa naye, mama mmoja mnene tuliyekuwa tunamwita Mama Kulwa, akaanza, "Heee! Huyu si ndiye anakula kwa..."

Mama mdogo alimkanyaga mguu. Niliona.

Msimamizi akageuka. "Mama, unamfahamu huyu kijana?"

Mama mdogo akanitazama usoni. Akatazama raba za yule bwana.

"Simfahamu."

"Hakika?"

"Mwanangu, hapa wanapita vijana wengi. Nitawajua wote?"

Nikainama. Sangara wake wa siku ile nawakumbuka hadi leo. Macho yalikuwa yameanza kuzama. Mashavu hayakuwa mekundu, yalikuwa yanaelekea kahawia. Nyama nikiibonyeza ilirudi, lakini kivivu. Harufu ilikuwa ya samaki, siyo ya kuoza. Walivuliwa usiku, wakalala kwenye boti bila barafu, kwa sababu barafu ilikuwa ya wengine.

Kwa mama mdogo hawa walikuwa wa kukaanga leo leo. Alikuwa hata na kuni zake pembeni.

"Tunakusikiliza," akasema msimamizi.

Nikataja dalili moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa kijitabu. Nikasema, "Hawafai."

"Sema kwa sauti, wote wasikie."

"Hawafai kwa matumizi ya binadamu."

Akatikisa kichwa kukubali. "Safi sana. Huyu amesoma."

Wasaidizi wakachukua beseni, wakamwaga samaki kwenye shimo, wakawanyunyizia mafuta ya taa ili asije mtu akawafukua. Mama Kulwa akaanza kupayuka, "Mungu anawaona! Na wewe kijana Mungu anakuona!" Mama mdogo akamvuta kitenge. "Kaa chini. Muache afanye kazi yake."

Jioni nilirudi nyumbani nimejiandaa kutukanwa. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umefaulu?"

"Nadhani nimefaulu."

"Basi ingia ule."

Kulikuwa na ugali na mlenda. Samaki hawakuwepo, na mimi nilijua kwa nini.

Tukiwa tunakula akasema, bila hasira kabisa, "Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Ungesema wanafaa wangekufuta. Wewe ingia tu. Ukishaingia utatutengenezea."

Kumbe mwenzangu alishafanya hesabu zake. Samaki wale alinitolea, kama mtu anavyomtolea mtoto ng'ombe wa mahari. Nikashukuru Mungu kwa kunipa mama wa namna ile, nikamaliza ugali wangu.

Usaili nao nisiuruke, maana wengine mnauogopa kuliko vyote. Ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Jina, umetoka wapi, kwa nini unaipenda kazi hii. Msaili mmoja alikuwa anasoma gazeti. Nikatoka nashangilia kwamba nimeumudu. Leo nawaambia: interview ikiwa nyepesi mno, usishangilie haraka. Inawezekana hakuna anayetafuta jibu.

Tukaambiwa tusubiri kuitwa.

Tukasubiri. Mvua zikapita, dagaa wakajaa, dagaa wakaadimika. Pale mwaloni akina mama walishaanza kuniita Bwana Samaki, wengine kwa kejeli, wengine kwa matumaini. Mama Kulwa mwenyewe alinisamehe, akawa ananiambia, "Ukianza kazi usituanze sisi, waanze wale wenye magari."

Mwisho nikaenda ofisini. Nikamkuta karani wa mapokezi, mama mpole, namshukuru hadi leo kwamba hakunizungusha.

"Nafasi? Mdogo wangu, husikilizi redio? Serikali inapunguza watu, wewe unataka iongeze?"

"Lakini tulifanya mtihani, dada. Mimi vitendo niliambiwa nimefanya vizuri."

"Wewe ndiye wa kwanza kwenye vitendo. Nakukumbuka." Akashusha sauti. "Agizo la kusitisha ajira lilikuja mapema. Ila fungu la fedha za kuendeshea mtihani lilikuwa limeshatoka. Lisipotumika linarudi Dar, na mwaka ujao hatupewi."

"Mapema lini? Kabla ya usaili?"

"Kabla ya vitendo."

"Kwa hiyo siku ile mwaloni walijua?"

"Mimi ni karani tu, mdogo wangu. Nenda nyumbani."

Nilitembea kwa miguu hadi Pasiansi. Mama mdogo nilimkuta nyuma ya nyumba, karai liko motoni, anageuza vipande. Nikamwamkia. Nikamweleza yote, hata lile la kabla ya vitendo. Sikuficha kitu.

Aligeuza kipande kimoja, akageuza cha pili. Mafuta yalikuwa yanachemka, moshi unatupiga usoni wote wawili.

Halafu akauliza, "Baba, sasa mtihani si umekwisha?"

"Umekwisha, mama."

"Hakuna wa kukufuta?"

"Hakuna."

"Haya niambie. Samaki wangu siku ile walikuwa wanafaa?"

Wakuu, maswali yote ya mtihani ule niliyajibu bila kusita. Hili halikuwemo kwenye kijitabu.

Nikasema, "Walikuwa wanafaa, mama. Wa kukaanga leo leo."

"Nilijua," akasema. Akaopoa vipande, akapanga kwenye sinia, akaenda barabarani kuuza.

Hakuwahi kuligusa tena suala lile mpaka anafariki. Na barafu ile hakuipata.

Mimi nilikwenda Buhongwa, nikaanza kufundisha tuisheni ya jioni, mpaka leo ndiyo kazi yangu. Ndiyo maana mnaona naeleza sana.

Funzo langu, vijana wangu, si kwamba msifanye mitihani. Fanyeni. Someni muundo, jueni jibu linalotakiwa, mkapasue. Mimi mwenyewe nawafundisha wanaojiandaa na nafurahi wakipata. Lakini kabla hujajitoa mzima, uliza kwanza kama hiyo nafasi ipo kweli na imetengewa mshahara. Uliza ofisini, uliza kwa karani, usione aibu. Na ukikuta mtihani wako unasahihishwa juu ya riziki ya mtu ambaye hakuomba kazi, jua kwamba ukipata maksi kuna mwingine anazilipia, na huenda wenye kalamu wanajua kuwa anazilipia bure.

Dada wa Kijita, kama umo humu au watoto wako wamo, jitokeze. Wewe ndiye uliyejibu sawasawa. Nilicheka pamoja na wao, na ningependa nikuambie mwenyewe.

Wengine karibuni. Aliyewahi kuitwa kwenye mtihani wa kazi ambayo haikuwepo aweke hapa, na mwenye swali kuhusu hatua yoyote niliyoeleza aulize. Nitajibu kila mmoja, hata nikichelewa.