Bei Niliyoificha Kasubi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku baba yangu alikataa kunisaidia, na mpaka leo namshukuru.

Nilikuwa nesi wa miaka thelathini, na kiliniki yangu ilikuwa peke yake katika barabara yetu, pale mtaa wa Kasubi. Vyumba viwili, kitanda kimoja, na hadubini ya kupimia malaria niliyoinunua kwa akiba ya miaka minne. Nilijiona nimefika. Bei sikuandika popote. Mgonjwa akiingia namtazama viatu, namuuliza anakaa wapi, ndipo namwambia atalipa kiasi gani. Aliyetoka Ntinda, mtaa wa wenye nacho, kwa gari alikuwa na bei yake, mama wa sokoni yake, na hata hiyo haikuwa ndogo. Nilijiambia kwamba ni huruma. Huruma gani, mwanangu? Nilijua tu kwamba hawana pengine pa kwenda.

Kisha akaja Okello, kijana wa kaskazini, mtoto wa askari, tabibu mwenye cheti na leseni yake. Alipanga chumba kimoja ng'ambo ya barabara, na siku ya kwanza akatundika ubao nje: kumwona tabibu, kiasi hiki, kusafisha kidonda, kiasi hiki, dawa ya malaria, kiasi hiki. Watu walisimama kuusoma kama wanaosoma matokeo ya mtihani. Haukupita mwezi, benchi langu likabaki na watu wawili, watatu.

Badala ya kujiuliza kwa nini, niliandika barua. Niliwaomba wakubwa wa jiji waifunge kiliniki yake. Nilisema barabara moja haihitaji kiliniki mbili, na kwamba bei ile ndogo ni dalili ya dawa mbovu. Baba alikuwa sajenti mstaafu wa polisi, mtaa mzima ukimwita Afande, na alimfahamu ofisa mmoja huko, kwa hiyo nikampa barua aipeleke.

Baba alivaa miwani, akaisoma yote polepole.

"Hizo dawa mbovu umeziona?"

"Hapana, Baba, lakini haiwezekani..."

"Vaa viatu. Twende."

Tukavuka barabara. Mlangoni kwa Okello alikaa mama mmoja muuza ndizi, amempakata mtoto mwenye homa. Nilimfahamu, alikuwa mteja wangu. Baba akamsalimia kwa heshima, akamuuliza kwa nini ameipita kiliniki ya kwanza akaja kwenye ya pili. Mama yule alinitazama, akasita.

"Sema tu, nyabo," Baba akamwambia, kama tunavyomwita mama wa heshima. "Huyu ni binti yangu, hatakufanya kitu."

"Afande, kule sijui bei mpaka nimeshaingia," akasema. "Mwezi uliopita mtoto huyu aliumwa. Nilikaa naye nyumbani siku tatu nikitafuta pesa, maana sikujua zinatakiwa ngapi. Aliposhikwa na degedege ndipo nikamkimbiza. Hapa nimesoma ubao, nikajua niliyo nayo inatosha. Homa imeanza leo asubuhi, na leo leo nimekuja."

Mwanangu, nilimkumbuka yule mtoto. Nilimtibu mimi, tena nikamgombeza mama yake kwa kuchelewa. Nilitamani kuondoka pale, lakini Baba alikuwa amenishika mkono.

Hakunipigia kelele. "Kijana huyu akiuza dawa iliyoharibika, mimi mwenyewe nitampeleka polisi," alisema. "Lakini kama kosa lake ni kuandika bei, barua hii siibebi. Serikali si askari wa kulinda duka lako."

Nilirudi, nikaichana barua, nikatafuta ubao. Kuandika bei nikashindwa, maana yangu ilikuwa bado juu mno. Ndipo nikajiuliza kwa mara ya kwanza dawa zangu zinatoka wapi. Kumbe miaka yote nilikuwa nanunua kwa mtu mmoja anayeniletea mpaka mlangoni, na sikuwahi kubishana naye! Nikaenda mjini kwenye maduka ya jumla, nikauliza matatu, nikarudi na dawa ile ile kwa bei ya chini iliyonitia aibu, ndipo nikaandika ubao wangu.

Okello aliposoma ubao wangu, akashusha bei ya vidonda. Mimi nikaanza kufungua Jumapili. Yeye hakuwa na hadubini, kwa hiyo akawa ananiletea wagonjwa wa kupima. Hakuna aliyefunga, na wagonjwa walianza kuja mapema, kabla ugonjwa haujawa mkubwa.

Siku hizi nawasikia vijana mliomaliza masomo mkisema matibabu ni ghali, basi ofisi moja ipange bei za kila kiliniki na leseni wapewe wachache. Hasira yenu naielewa. Lakini mimi nimewahi kuwa yule mmoja asiye na mshindani, na nakwambia sikushusha hata shilingi mpaka jirani aliponilazimisha. Serikali ina kazi yake, tena kubwa: ikague dawa, imfukuze tabibu wa uongo, imlipie asiye na kitu kabisa. Haya mengine waachie watu wenye macho ya kusoma na miguu ya kuvuka barabara.

Kwa hiyo ukifungua kiliniki yako, andika bei mlangoni, kwa herufi kubwa. Uliza bei ya dawa kwa zaidi ya mtu mmoja. Mwenzako akikushinda, nenda ukajifunze kwake, usiende kumshtaki. Mungu akupe mkono mwepesi wa kutibu, akupe jirani hodari wa kukuamsha mapema, na kila anayeingia kwako akiwa amebebwa, atoke akitembea.