Fundi na Cherehani Yake

Wifi yangu amehariri picha za habari za televisheni miaka kumi na tisa, na haraka ndiyo iliyomharibu. Kila taarifa ikitaja wageni na uhalifu, huchomoa picha ileile: mwanamume anakimbia na cherehani begani. Ilipigwa zamani, siku ya mafuriko. Yule ni fundi wa mtaani kwetu, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka, na cherehani ni yake; alikuwa akiiokoa isisombwe na maji.

"Wifi, andika basi kwamba ni picha ya zamani," nilimwambia.

Akacheka. "Nani anasoma maandishi madogo?"

Jumamosi tulifuata sare za mwanawe. Tulikuta mlango wa fundi umevunjwa, watu wamejaa, cherehani iko katikati yao.

"Tumemwona kwenye taarifa akikimbia nayo," alisema muuza maziwa, mtu mpole siku zote. "Eti anadai ni yake!"

Fundi, shati limechanika, alimwona wifi yangu, uso ukamchangamka. "Dada, wewe unafanya kazi kule. Waambie."

Wifi alivua kitambulisho shingoni, akakitia mkobani taratibu.

"Twende," akaninong'oneza. "Sare tutanunua dukani."

Nami nikamfuata.